Mtoto Aliyemshika Nyani

Paukwa! Mbona kimya, mmelala? Paukwa!

Pakawa! Ehee, ndivyo. Sogeeni motoni.

Hapo zamani, zama zile nyani akibisha hodi anaandaliwa uji, palikuwa na mwanamke akiitwa Mashavu. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, hata jina hajapewa. Mila ya kijiji chao ilikuwa kwamba mzazi havuki kizingiti cha nyumba mpaka arobaini itimie. Na mila nyingine: mgeni aliyekuja kumwona mtoto hanyimwi kumpakata. Kila moja peke yake haikuwa na neno. Balaa lilikuja zilipokutana.

Basi Mashavu hakuchoka kumtazama mwanawe. Ukimtia kidole kiganjani, nyaka! amekishika, hakiachii. Ukimgusa shavu, mdomo unakimbilia upande ule ule kutafuta ziwa. Akalitafuta kwenye kiwiko cha shangazi, akalitafuta kwenye sikio la mbuzi, akalitafuta kwenye pua ya baba yake, Kheri, akaidaka na kuinyonya kwa bidii zote. Mashavu alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kheri akamshika mtoto makwapani, akamsimamisha mkekani. Mtoto akainua mguu, akaweka. Akainua wa pili, akaweka.

"Anatembea!" Kheri akapayuka, akatoka mbio.

"Wachanga wote hufanya hivyo, we Kheri! Rudi!" Shangazi Bi Sharifa alimwita bure. Kheri alikwisha fika mashambani, anamtangazia kila mtu: "Mwanangu kazaliwa juzi, anashika, anatembea!"

Ndani ya mahindi, Mama Nyani akaacha kutafuna. "Anashika? Anatembea? Mtoto wa binadamu gani huyo? Huyo ni wetu!"

Akaenda, akabisha hodi, akakaribishwa. Akanywa uji wa pilipili manga, akalamba na bakuli. Kisha akanyoosha mikono.

"Nipeni nimpakate."

Moyo wa Mashavu ulisita, lakini mila ni mila. Akampa. Mtoto akagusa yale manyoya ya kifuani, nyaka! kwa mikono miwili.

"Mnaona? Huyo ni wetu!"

Bi Sharifa akabandua kidole kimoja, vingine vikazidi kukaza.

"Mnaona? Huyo ni wetu!" Nyani akainuka, mtoto kamning'inia kifuani, huyo, mpaka nje, akaanza kuukwea mkorosho wa uani. "Sisi tunapanda na watoto wetu hivi hivi. Wanajishika wenyewe. Huyo ni wetu!"

Mashavu akafika kizingitini, akasimama. Arobaini ilikuwa mbali, na mwanawe alikuwa anakwenda kuishi mitini kwa kuwa tu vidole vyake vina nguvu. Akasema, "Potelea mbali!" Akaruka, mbio mpaka chini ya mkorosho.

Jogoo wa nyumba ile, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda heshima ya wazazi, hakuamini macho yake. Akapanda juu ya kinu.

"Kokorikoo! Mzazi katoka! Kokorikoo! Mzazi katoka! KOKORIKOO! MZAZI KATOKA!"

Ile ya tatu ilipasua masikio. Mtoto akashtuka. Mikono yake ikafunguka wazi, vidole vyote vikaachia, na huyo anaanguka kutoka kifuani kwa Nyani! Mashavu alikwisha kuikunjua kanga yake. Mtoto akatua humo, na mikono ikarudi taratibu ikakumbatia, akaangua kilio kikubwa cha kumshtaki jogoo. Mashavu naye akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Nyani akajitazama kifua kitupu. Akajikuna.

"Ameniachia," akasema. "Wa kwetu akishtuka huzidi kushika."

"Wa kwetu akishtuka huachia," akasema Mashavu.

"Sasa akiachia, nani amshike?"

"Mimi, dada. Hukuniona?"

Nyani akafikiri sana. Mwishowe akacheka, meno yote nje. "Kumbe! Wetu huzaliwa wanajua kushika. Wenu huzaliwa wanajua kwamba yupo wa kuwadaka. Basi huyo ni wako, dada. Mlee." Akashuka, akarudi kwenye mahindi.

Bi Sharifa akamtazama Mashavu pale uani, mzazi mbichi chini ya jua, mbele ya kijiji kizima kilichokwisha kukusanyika.

"Anayetaka kusema neno," akawaambia wote, "aseme nami."

Hakuna aliyesema, isipokuwa jogoo, naye alirushiwa kandambili.

Na mimi ngano yangu imekomea hapo. Iliyo nzuri chukueni, mbaya niachieni mwenyewe.