Ua Kwenye Dari ya Zamarudi

Hapo zamani, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, palikuwa na mjane aitwaye Bi Mkasi. Mumewe, Fundi Shekuwe, alikuwa mchora dari. Alikwenda kufanya kazi Zamarudi, mji wa kale wa ugenini, akafia huko. Nyuma yake wakaja watu na maneno yao: fundi alikuwa keshapata mke mwingine. Bi Mkasi aliyameza maneno hayo miaka na miaka, nayo hayakushuka.

Sasa Zamarudi kuna desturi. Fundi akimaliza dari, pembeni huchora ua la mwanamke anayempenda. La Bi Mkasi lilikuwa asumini, na mumewe alilijua. Basi Bi Mkasi akasema anakwenda kujua mumewe alichora ua gani. Wakamwambia, macho yako yamefunga ukungu, utaona nini? Akajibu kwamba atakwenda na wenye macho.

Wakafuatana naye watatu: mwanawe Famau, bintiye Mishi, na Riziki, mke wa Famau.

Mji ule ni ngazi tupu. Famau akambeba mama mgongoni, anapanda anamsimulia: mnara huu ni wa dhahabu, mama. Mishi akadakia kwamba ni wa udongo, na umepasuka. Famau akaendelea: chemchemi hii inarusha maji mpaka juu. Imekauka, mama, akasema Mishi. Bi Mkasi akacheka, akashuka, akala mkate wa zabibu akiwa wima, maana kule mgeni akila ameketi huambiwa kahamia.

Wakaifikia nyumba yenye dari aliyoichora Fundi Shekuwe. Mwenyewe, Bwana Sarkun, akawapa kahawa chungu, kwani asiyeinywa haingii ndani. Famau, mtoto aliyelelewa akaleleka, akabakiza kidogo kikombeni asionekane mlafi. Lo! Kumbe kule kubakiza ni kumwambia mtu nyumba yake inanuka. Wakafukuzwa, mlango ukafungwa.

Mishi hakukubali. Akawauliza majirani kosa hilo husafishwa vipi. Wakamwambia asage kahawa ya mtaa mzima kwa mkono. Akasaga, akasaga, viganja vikatoka malengelenge, akasaga tu. Bwana Sarkun akasamehe kosa, lakini mlango hakuufungua. Alikuwa mtu wa kununa.

Riziki naye akaketi kizingitini. Kule mgeni akiketi kizingitini bila kula, mwenye nyumba naye hali mpaka amsikilize. Majirani wakaleta sahani, Riziki akazisukuma. Wakambembeleza, hakubanduka. Mwishowe njaa ikamshinda mwenye nyumba, akafungua.

Akasema mama aingie na mtu mmoja tu wa kumshika mkono. Chumba kile hakiingizi zaidi, ndiyo desturi.

Famau akasema, "Mimi nimembeba mpaka hapa, na aliyechora ni baba yangu. Nikikuta si asumini, nitasema ni asumini. Mama yangu hatoki humu akilia."

Mishi akasema, "Kosa lako nimelisaga mimi kwa mikono hii. Nami nitasema nitakachokiona, hata likiwa waridi. Mama hakuja huku kudanganywa."

Riziki akasema, "Mlango nimeufungua mimi kwa njaa yangu. Baba mkwe sikumjua, sina cha kumfichia wala cha kumlipizia. Nitaliangalia ua, kisha nimwangalie mama, ndipo nijue la kusema."

Bi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni, harudi nyuma. Dari ile iko juu, mkono haufiki kulipapasa ua. Akasema, "Nimekuja kujua, na nitaingia. Nipeni mkono."

Mikono mitatu ikamfikia kwa pamoja: mmoja wa jasho, mmoja wa malengelenge, mmoja wa baridi ya njaa. Akaigusa yote, na yote akaijua ni ya nani.

Haya, ninyi mliokuwa mkimcheka Famau na kikombe chake, mnijibu sasa. Mama anasubiri, na akishaingia hatarudi tena kuuliza. Je, nani alistahili kuwa macho yake?