Kamba ya Ndama wa Tumpe

Hadithi hii ina watu wanne wa kutuzwa na ndama mmoja. Ndama hagawanyiki, kwa hiyo sikilizeni kama mahakimu.

Katika kijiji kimoja cha Rungwe, Lugano alijaliwa masikio: alitambua pikipiki ya kila mtu kwa mlio ingali ng'ambo ya mto. Ambakisye alijaliwa miguu. Bibi Atupele, mkunga mstaafu, alijaliwa mikono isiyotetemeka. Wa nne, Gwamaka, alikuwa fundi. Hakikuwapo chombo alichoshindwa kukifungua, na huko kufungua ndiko kulikomponza.

Gwamaka na mkewe Tumpe walikuwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mabingobingo mabichi, yale majani marefu ya malisho, yalikuwa yakikwama chini ya kifuniko cha visu. Asubuhi moja Gwamaka akachukua spana, akakitoa.

"Na vidole vyangu, Baba Lusekelo?" Tumpe aliuliza.

"Wewe si mtoto," alijibu, akaenda kupeleka maziwa.

Kabla hajarudi, visu vilinasa mkono wa sweta la Tumpe.

Lugano, akipalilia viazi bondeni, alisikia injini ikibadili sauti kama mtu aliyepaliwa. "Mashine ya Gwamaka inakula kisicho majani!" akapiga yowe.

Ambakisye hakusikia mashine, alisikia yowe. Akaruka mfereji, akaruka ua, akaizima injini.

Bibi Atupele, aliyefika nyuma yake, alikuta damu. Akafunga kitambaa, akakaza, akaushikilia ule mkono juu njia nzima hadi hospitali. "Nitazame mimi, mwanangu. Usiutazame mkono."

Daktari alisema angekosekana mmoja wa hao watatu, wangezika. Tumpe alirudi nyumbani akiwa hai, vidole vitatu pungufu.

Gwamaka aliikuta spana palepale alipoiacha. Akarudisha kifuniko. Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Bwana mifugo alikuwa amewahimiza watu warudishe vifuniko vya mashine zao kwa miaka mitatu, nao wakimcheka. Gwamaka hakuhimiza. Alitafuta kifuniko kilipotupwa, kwenye banda la kuku au chini ya kuni, akakifunga, akasema bila kuinua macho: "Mimi nilitoa kama hiki." Nyumba thelathini na moja, na hakuna aliyemkatalia. Tangu hapo kijiji kile hakijapoteza kidole.

Ng'ombe wa Tumpe alipozaa ndama jike, Tumpe aliwaita wote uani, akamkabidhi mumewe kamba ya ndama. "Mpe anayestahili."

"Bila sikio langu," alisema Lugano, "hiyo miguu ingekimbilia wapi?"

"Ulisikia, ukabaki bondeni na jembe lako!" Ambakisye alimrudishia, na watu wakacheka.

"Mlinipa damu," alisema Bibi Atupele, "nikawarudishia mtu."

Ndipo jirani mmoja akasema, "Na Gwamaka? Hawa wameokoa mtu mmoja. Yeye katulinda sote."

"Aliyetegua mtego si ndiye aliyeutega?" mwingine akadakia.

"Ndiyo," alijibu yule wa kwanza. "Lakini mkono usiokatika humjuaje aliyeuokoa?"

Gwamaka alitamani ardhi immeze. Kulaumiwa angekustahimili, kusifiwa mbele ya mkono ule hakukuweza. "Msinihesabu," alisema. "Mimi nisingeshika spana, leo tusingekuwa hapa."

Tumpe alimjibu: "Haya yako iache ndani, Baba Lusekelo. Hapa sikukuita uone haya. Nimekuita uamue."

Gwamaka alisimama na kamba, asijue aitupe wapi. Ndama akasogea, akaanza kulamba vidole vyake, kimoja kimoja, vyote kumi, na Tumpe akitazama.

Gwamaka alimpa mwenye sikio, ambaye bila yeye yowe lisingepigwa? Mwenye miguu, ambaye bila yeye yowe lingekuwa la msiba? Mwenye mikono iliyozuia damu? Au yule aliyevunja kwa mkono uleule aliojengea? Kamba sasa iko kwenu. Je, wewe ungemkabidhi nani, huku Tumpe akikutazama?