Kompyuta Ishirini na Mchicha wa Mama Tumpe

Hapo zamani, si zamani za fisi kuoa, ni zamani za juzi tu, chuo kimoja cha ufundi kule Tukuyu kilipata kompyuta ishirini na moja. Zilikuwa zimeshatumika, na ndani hazikuwa na kitu. Mkuu wa chuo, Mwalimu Tulinagwe, akasema, "Ijumaa wanafunzi wanaanza. Nataka ishirini ziwe zinafanya kazi. Ya ishirini na moja ni ya mtu atakayeziwezesha. Aibebe aende nayo nyumbani."

Akaja Ambokile, mwalimu wa hesabu. Alikaa siku mbili akiandika faili la majibu. Kila swali ambalo kompyuta huuliza inapowekewa mfumo, yeye alilijibu mapema: lugha gani, saa za wapi, mwenye mashine ni nani. Akachomeka flashi ishirini zenye mfumo na faili hilo.

"Sasa zitajiwekea mfumo zenyewe," alisema. "Sisi twendeni tukanywe chai."

Wakanywa chai. Waliporudi, kompyuta zote ishirini zilikuwa zimekwama palepale, na kila kioo kilisema diski haionekani.

"Hilo sikuulizwa," alisema Ambokile.

Akaja Lusajo, fundi simu wa sokoni. Akatazama, akacheka. "Mwalimu, mgeni umemwandikia majibu yote, ila mkalimani hujampa. Mfumo huu hauelewani na diski za mashine hizi. Unahitaji draiva, programu ndogo ya kuwapatanisha. Draiva huja kwenye CD pamoja na mashine. CD ziko wapi?"

Mwalimu Tulinagwe akatazama dirishani. Nje, kwenye bustani ya Mama Tumpe, mpishi wa chuo, CD tano zilining'inia kwenye kamba, zikimetameta juu ya mchicha.

"Mkuu alizitupa jalalani, mimi nikaziokota," alisema Mama Tumpe. "Tangu hapo ndege hawajagusa jani."

"Tunaziomba, mama," alisema Lusajo.

"Na ndege nitawaambia nini?"

Hata hivyo akazitungua, akazifuta kwa khanga. Nne zilikuwa zimekwaruzika vibaya. Ya tano ikasomeka.

Lusajo hakuizungusha CD moja kwenye mashine ishirini. Aliziingiza draiva ndani ya mfumo wenyewe, kwenye flashi, akaongeza mstari mmoja katika faili la Ambokile kuonyesha zilipo. Akanakili kwenye flashi zote, akazichomeka, akajilaza kwenye benchi. Alipoamka, kompyuta ishirini zilikuwa zinawaka, na kila moja imeandika: Karibu, Ambokile.

"Mnaona? Hata zenyewe zinanijua," alisema Ambokile. "Bila majibu yangu mngekaa mkibonyeza hadi Pasaka. Huyu ameandika mstari mmoja, kisha akalala."

"Si ndiyo maana ya kazi kujifanya yenyewe?" alisema Lusajo. "Majibu yako yalikuwepo jana, mwalimu, na mashine zilikwama. Mstari wangu ndio uliozikwamua."

Mama Tumpe akaingia na beseni. Ndani mlikuwa na vijiti vya mchicha, bila jani hata moja.

"Wanangu, mimi kompyuta sizijui," alisema. "Ambokile ametoa majibu, na bado anayo kichwani. Lusajo ametoa ujuzi, na bado anao mkononi. Nilichotoa mimi kimeliwa na ndege."

"Lakini mama," alisema Ambokile, "ulipoziokota hukujua kama ni draiva."

"Na wewe unayejua, baba, ulipita jalalani kila asubuhi. Mbona hukuinama?"

Ambokile akaanza kuchomoa flashi. Lusajo akacheka, kisha akakumbuka kwamba na yeye anaitaka kompyuta, akakimeza kicheko. Mwalimu Tulinagwe, aliyezitupa zile CD, akakohoa, akasema atafikiri.

Anafikiri hadi leo. Kompyuta ya ishirini na moja iko mezani kwake, imefunikwa kitambaa.

Je, wewe ungempa nani? Jibu upesi, Mama Tumpe anakuja kudai CD zake.