Mashimo Yaliyoitikia Hodi

Paukwa!
Pakawa!
Kumbe mko macho. Sogeeni basi.

Hapo zamani za kale, juu ya jabali ambako mawingu yalipenda kujilaza, aliishi Bi Kindi. Ghala lake la karanga lilikuwa mbali, bondeni. Kila mtoto wake alipoanza kutembea, alikodi shimo dogo huko juu, akaweka karanga kidogo, ili mtoto akishikwa na njaa asiteremke mpaka ghalani. Mwenye mashimo alikuwa Pimbi. Mwezi ukiandama, Pimbi huyo, chaka chaka chaka, amekuja kuchukua kodi: konzi ya karanga kwa kila shimo.

Watoto wakakua. Wakaoa, wakaolewa, wakahama. Mashimo yakabaki, na kodi ikabaki.

Masika yalipokaribia, Bi Kindi akachungulia ghalani, akaona sakafu. Akaogopa kwelikweli. Kitinda mimba wake alikuwa bado mchanga, hajakodiwa shimo, na mvua ya kule ikianza, hutoki.

Akamwendea Pimbi, akamwambia anataka kurudisha mashimo yasiyo na mtu. Pimbi akacheka. Akamuuliza atayajuaje, maana Bi Kindi mwenyewe hakumbuki lipi la nani.

Bi Kindi akapanda jabali. Akasimama kwenye shimo la kwanza.

"Hodi!"

Shimo likajibu, "Odi... odi... odi..."

Tupu hilo. Akaliziba kwa jiwe, ti! La pili, "Odi... odi..." Ti! Akaenda hivyo, hodi na jiwe, hodi na jiwe, hata sauti ikamkauka.

Shimo la mwisho lilikuwa na utando wa buibui mlangoni. Hili halina haja ya hodi, akawaza. Akainua jiwe. Mkono ukasita. Akabisha kwa sauti ndogo.

"Karibu, mwanangu."

Alikuwa mama mkwe wake, kipofu, aliyezoea kupitia ufa wa nyuma kuja kula. Jiwe likamponyoka Bi Kindi. Akalia.

"Mama, ningekuziba humo."

"Lakini umebisha," akasema bibi, akiendelea kutafuna.

Mwezi ulipoandama, Pimbi akapewa konzi moja tu. Masika yakapita, na karanga zikatosha. Pimbi naye alishinda jabalini akitafuta wapangaji. "Karibu!" Mashimo yakamjibu, "Aribu... aribu..."

Basi jamani, msilipie kisichotumiwa na mtu. Ila kabla ya kuziba, bisheni hodi. Hadithi yangu imekomea hapo, na mwenye njaa aende jikoni.