Samaki Waliofungua Vinywa

Mtu mmoja alikuwa na bwawa la samaki, na kosa lake lilikuwa kupenda kulisha. Jina lake Ambakisye, mkulima wa milima ya Rungwe. Mgeni wake akisema nimeshiba, yeye alisikia niongezee. Mkewe, Tupokigwe, alinenepa katika ndoa hiyo na hakulalamika.

Perege waliokuwa bwawani alikuwa amewaahidi kwa harusi ya binti yao, Tumpe. Aliyemfundisha kufuga alimwambia atie samadi kidogo ili maji yapate ukijani, maana samaki hula ukijani huo. Akampa na kipimo: tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na usipoviona vidole vyako, acha kutia. Ambakisye alikifuata kipimo hicho wiki tatu, kisha akaona ni cha watu wachoyo. Akachimba mfereji kutoka zizini, ili kila mvua inyeshapo samadi ijiendee yenyewe. Maji yakawa ya kijani, kisha yakawa mazito kama uji, yakafunikwa na utando unaonuka. Majirani wakaziba pua. Yeye akawaambia kijani ni baraka. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, na hilo ndilo linalonihuzunisha.

Siku chache kabla ya harusi alikwenda bwawani alfajiri, akawakuta perege wamejaa juu ya maji, vinywa wazi. Huruma ikamjaa. Akaona wanawe wana njaa, akakimbia kuleta debe zima la pumba, akalimwaga lote. Kesho yake vinywa vilikuwa vingi zaidi, naye akaleta madebe mawili. Siku ya tatu baadhi yao walikuwa wakielea ubavu. Ambakisye alisimama ukingoni akilia, na debe jingine mkononi.

Tupokigwe akaushika ule mkono. "Baba Tumpe, hawa hawaombi chakula. Wanaomba pumzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukijani ukizidi, usiku huimaliza hewa iliyomo majini, na ule unaokufa huoza na kula hewa iliyosalia. Debe likamponyoka. Mzee wa miaka sitini akaingia bwawani na nguo zake, akayapiga maji kwa viganja kama mtoto anayeoga mtoni, ili yapate hewa. Mkewe akaziba mfereji wa zizi, akaufungulia ule wa chemchemi, kisha naye akaingia. Waliyapiga maji mpaka jua likawa juu, wakilia na kuchekana.

Nusu ya samaki walikufa. Harusini kila mgeni alipata kipande kidogo, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyeongezewa. Samadi ilipelekwa migombani, nayo migomba ikaipokea kwa furaha. Kati ya zizi na bwawa Tupokigwe alipanda matete, yazuie kile ambacho mvua ingekibeba. Na hadi leo, kila asubuhi, Ambakisye hupiga magoti, hutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kuvitafuta vidole vyake.

Nampenda mzee huyu, kwa kuwa nimemwona katika nyumba nyingi, na yangu ikiwamo. Basi niwaulize, ndugu zangu: wale mnaowapenda wanapofungua vinywa, ni nani kati yenu huuliza kabla ya kushika debe?