Kwa Nini Mvi Huota Moja Moja

Ninyi mnaong'oa mvi mbele ya kioo, tulieni kidogo. Zamani mvi hazikuwapo, na uzee ulimwingia mtu usiku mmoja. Alilala na magoti imara, akaamka mgongo umepinda, hata wanawe wasimtambue. Watu waliuogopa mno. Aliyezeeka alihamishiwa kibanda cha nyuma ya zizi, na bakuli lake la uji lilisukumwa ndani kwa ufito mrefu, wasije wakaambukizwa.

Hakuna aliyeuogopa kama Kalunde. Hata njia ya zizini hakuipita. Basi asubuhi moja akamkuta mama yake, Nyanzala, amezeeka kitandani. Majirani wakaja kumchukua.

"Waache wanipeleke, mwanangu," mama akasema. "Nitakuambukiza."

"Ngojeni kwanza nimwogeshe," Kalunde akawaambia majirani. Hakuwa jasiri. Aliona haya tu mama yake atolewe nje na nguo chafu.

Alimwogesha siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Majirani wakachoka kungoja, wakaanza kumkwepa hata yeye. Kila asubuhi alipuliza moto apashe maji, na majivu yakamrukia kichwani. Haikuwa kazi ya raha. Mama alitema uji, alitukana, pengine alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kalunde alikwenda kulia nyuma ya nyumba, kisha akarudi. Lakini walicheka pia, na ile mikono iliyokunjamana aliizoea hadi akaipenda. Siku moja akajikuta anawaza: nami nikifika hapa, nioshwe kwa maji ya moto hivi hivi. Ndipo alipojua kwamba hofu imemtoka.

Mama alipofariki, Kalunde alikwenda mtoni kuosha majivu ya kichwani. Yalitoka yote, ila unywele mmoja ulibaki mweupe. Akausugua, wapi! Uzee ulikuwa umefika, na kwa mtu aliyeuzoea ulikuja polepole, kama mgeni anayebisha hodi.

Majirani walipouona unywele ule walikimbilia ufito. Lakini Mbuke, binti wa Kalunde, alikuwa ameyashuhudia yote nyumbani. Alichukua mtungi, akaenda kuteka maji.

Na tangu siku hiyo mvi huota moja moja, ili wanetu wapate muda wa kutuzoea. Ukiiona ya kwanza, usiing'oe. Mwite mwanao aione.