Viza ya Bi Somoe na Siri ya Usalama

Tegeni masikio, na msinikatize. Bi Somoe alinyimwa viza ya kuingia nchi jirani, alikotaka kwenda kumlea binti yake aliyekaribia kujifungua. Sababu aliyopewa ilikuwa moja tu: usalama wa taifa. Akafunga safari hadi mpakani, kwenye mahakama ya nchi hiyo.

"Undani wake ni siri," alisema Bwana Shekuwe, mkuu wa usalama wa nchi hiyo, kifua mbele. "Tuliwahoji majirani zake. Neno walilotuambia silitamki hata mnikate ulimi."

"Usilitamke, baba," alisema Bi Somoe kwa upole. "Ila nikaguliwe mzigo, Mheshimiwa Jaji asije akadhani nimebeba bomu."

Akafunua hotpoti. Harufu ya sambusa ikatanda chumba kizima.

"Huenda nimetia sumu," alisema. "Bwana Mkuu, kuonja ni kazi yako. Au unaogopa?"

Shekuwe angekataaje mbele za watu? Akaonja moja. Akachukua ya pili, akaidaka ya tatu, akalamba vidole, akajisahau kabisa.

"Lo! Mama, wewe ni hatari!"

"Mheshimiwa," alisema Bi Somoe, "ndilo neno wanalonisifia majirani kila wakila kwangu."

Jaji akamgeukia Shekuwe. "Siri yenyewe ndiyo hiyo?"

Shekuwe alitaka kukana, lakini mdomo ulijaa sambusa.

"Apewe viza leo hii!" aliamua Jaji. "Hotpoti ibaki kwangu, iwe kielelezo."

Karani alipokuja kukipa namba kielelezo hicho, alikuta mafuta tu, na Mheshimiwa akijifuta midomo kwa joho.